Muulize waziri nani alimpokea mfungwa getini

Ndugu zangu habari za mchana, wakubwa shikamooni, wenzangu mambo vipi. Nimeambiwa niongee kuhusu maswali ya bungeni, yale anayojibu waziri mwenye dhamana ya haki na usalama, yaani polisi, magereza na uhamiaji, na naona kuna watu wameshaanza kusinzia maana ukisema maswali na majibu mtu anakumbuka ile "Mheshimiwa Spika, serikali inaendelea kulifanyia kazi suala hilo", makofi, tumekaa. Hilo jibu halina nchi, lipo kila bunge. Lakini kwenye hizi idara tatu kuna sehemu moja ambapo waziri hapati pa kujificha kirahisi, nayo ni makabidhiano. Pale polisi anapomkabidhi mtu kwa magereza, magereza anapomkabidhi kwa uhamiaji, au pale mmoja amepoteza mtu na inabidi amwambie mwenzake. Mawaziri wengi wameangukia hapo. Mifano yangu nitaitoa Uingereza na Ireland, kwa sababu kule kila neno la bungeni linaandikwa na yeyote anaenda kusoma, na pia kwa sababu hizo nchi mbili zimepanga hizi idara kwa namna tofauti kabisa, mtaona.

Tuanze na ya karibuni. Tarehe 24 Oktoba 2025, gereza la Chelmsford, Essex. Kuna mfungwa raia wa Ethiopia, mwomba hifadhi, aliyefungwa kwa kumdhalilisha kingono binti wa miaka 14 kule Epping, kesi iliyokuwa imeshaleta maandamano makubwa. Siku hiyo alitakiwa ahamishiwe kituo cha kuzuilia wahamiaji ili arudishwe kwao. Badala yake wakamfungulia geti kama mtu aliyemaliza kifungo chake, nenda zako. Dereva mmoja wa kupeleka mizigo aliyemkuta pale nje aliviambia vyombo vya habari kwamba jamaa alikuwa kachanganyikiwa, anarudi getini anauliza aende wapi, na watu wa gereza wanamwelekeza stesheni ya treni. Yaani mfungwa mwenyewe anajua kuna kitu hakijakaa sawa, sistimu haijui. Akapanda treni mpaka London, polisi wakamtafuta siku mbili, wakamkamata Finsbury Park Jumapili asubuhi, na usiku wa tarehe 28 akapandishwa ndege kwenda Ethiopia na pauni 500 mkononi ili asilete fujo safarini.

Sasa hesabuni ofisi. Waliomwachia ni magereza, wako chini ya Wizara ya Sheria ambako waziri wakati huo alikuwa David Lammy. Waliomtafuta ni polisi na waliomrudisha ni uhamiaji, hao wote wako chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, wakati huo kwa Shabana Mahmood. Kosa limetokea mlangoni, na huo mlango upande wa ndani ni wa waziri mmoja, upande wa nje ni wa waziri mwingine. Lammy akaenda bungeni akasema ni makosa ya kibinadamu, akatangaza ukaguzi mpya wa lazima kabla ya kumwachia mtu, na uchunguzi huru juu yake. Sawa. Bunge likamsikiliza, watu wakadhani imeisha.

Halafu ikaja Jumatano tarehe 5 Novemba. Waziri mkuu hayupo, kasafiri, Lammy kama naibu ndiye anajibu maswali ya waziri mkuu. Anasimama mbunge wa upinzani, James Cartlidge, anauliza kitu rahisi sana: unaweza kulihakikishia bunge kwamba tangu yule aachiwe hakuna mhalifu mwingine mwomba hifadhi aliyeachiwa kimakosa? Lammy anazunguka. Anaulizwa tena, anazunguka, anawageuzia kibao kwamba nyie ndio mliharibu magereza miaka yote mliyokuwa madarakani. Anaulizwa tena na tena, jibu halitoki. Kikao kimeisha tu, polisi wa London wanatangaza wanamtafuta mtu mwingine, aliyeachiwa kimakosa gereza la Wandsworth.

Kila mtu aliishika hiyo sehemu ya Lammy kukwepa, na kweli ilikuwa aibu, lakini mimi naona watu wamepitwa na vitu viwili vizito zaidi. Kwanza tarehe. Yule wa Wandsworth aliachiwa tarehe 29 Oktoba, polisi wanasema wao wameambiwa tarehe 4 Novemba. Siku sita! Mtu yuko mtaani siku sita na anayetakiwa kumkamata hajui kama kuna mtu wa kukamatwa, na hii ni siku chache tu baada ya waziri kutangaza ukaguzi mpya. Pili, lile swali lenyewe. Cartlidge aliuliza kuhusu "mwomba hifadhi". Baadaye ikaelezwa kwamba huyu wa pili, raia wa Algeria, hakuwa mwomba hifadhi, alikuwa kaingia nchini kihalali na viza halafu akapitiliza muda. Kwa hiyo kama waziri angekuwa na roho ngumu angeweza kusimama akajibu "hakuna" na kitaalamu asingekuwa ameongopa! Mbunge mwenyewe ndiye alimwachia upenyo, kwa sababu alitaka swali lenye moto wa siasa badala ya swali pana. Angeuliza "kuna mfungwa yeyote ameachiwa kimakosa tangu siku ile, na polisi waliambiwa lini?" asingeacha tundu.

Na namba zilikuwepo, wakuu, hazikuwa siri. Takwimu za serikali yenyewe zilionesha mwaka ulioishia Machi 2025 walioachiwa kimakosa England na Wales ni 262, mwaka wa kabla yake walikuwa 115. Sababu ziko nyingi, magereza yamejaa, kuna mpango ulioanza Septemba 2024 wa kuwatoa baadhi ya wafungwa baada ya kutumikia asilimia 40 ya kifungo badala ya 50, na kila ukibadilisha kanuni za kutoka makarani inabidi wapige hesabu upya, mkono kwa mkono, faili kwa faili. Kwenye awamu ya kwanza tu wakajikuta wametoa watu 37 ambao hawakutakiwa kutoka kwenye mpango huo, kwa sababu makosa yao yaliandikwa kwa sheria iliyokuwa imeshafutwa, kwa hiyo kompyuta haikuwaona kama watu wa kuzuiwa. Hilo ni karani na skrini yake, siasa haipo hapo. Tarehe 11 Novemba Lammy akarudi bungeni akasema kuanzia Aprili mpaka mwisho wa Oktoba wameachiwa kimakosa 91. Haya, angalau sasa kuna namba mezani.

Sasa twende nyuma maana hii stori ina babu yake. Mwaka 2006 Uingereza polisi, magereza na uhamiaji vyote vilikuwa chini ya wizara moja, Mambo ya Ndani, waziri Charles Clarke. Kamati ya bunge ya hesabu za serikali ilikuwa inapitia ishu ya kuwarudisha kwao watu walionyimwa hifadhi, mada kavu kabisa, na mbunge mmoja Richard Bacon akashupalia kitu kimoja: wafungwa wa kigeni wakimaliza kifungo, mnawaangalia kwanza kama wanatakiwa kuondolewa nchini au mnawafungulia tu? Jibu la kwanza likaja na namba 403. Hakuridhika, akaendelea kuuliza. Aprili 2006 Clarke akatoka hadharani: ni 1,023, tangu mwaka 1999. Magereza walikuwa hawawaambii uhamiaji, au wanawaambia na uhamiaji hawafanyii kazi, inategemea umemuuliza nani.

Lakini hebu sikilizeni kilichommaliza Clarke. Hiyo 1,023 kwa sehemu kubwa angeweza kusema nimeirithi. Kilichommaliza ni 288. Hao ni walioachiwa baada ya Agosti 2005, yaani wakati kengele imeshaanza kupigwa, wizara imeshaulizwa, na mlango bado uko wazi. Mapema Mei akaondolewa kazini. Aliyemrithi, John Reid, hakuchukua hata mwezi, akaiambia kamati ya bunge kwamba idara ya uhamiaji haifai kwa kazi yake, na tarehe 9 Mei 2007 wakaipasua wizara: magereza yakahamia Wizara mpya ya Sheria, polisi na uhamiaji wakabaki pale pale.

Mmeona ilivyo? Tatizo la 2006 lilikuwa magereza na uhamiaji hawaongei ingawa wako kwa waziri mmoja. Dawa ikawa ni kuwaweka kwa mawaziri wawili. Mimi sisemi mgawanyo ndio ulileta yale ya Chelmsford, hilo lina uchunguzi wake, ila ukweli ni kwamba kuhamisha vibao vya milangoni hakujawahi kumfanya karani wa gereza apige simu kwa mwenzake wa uhamiaji. Wanasiasa wanapenda sana kupanga upya wizara kwa sababu inaonekana ni kazi, unapata jina jipya na nembo mpya, lakini fomu ni ile ile na simu haipokelewi vile vile.

Ireland wao wamebaki na mtindo wa zamani, waziri mmoja ana polisi, ana magereza, ana uhamiaji. Tangu 2025 hata jina la wizara limeongezwa maneno, Sheria, Mambo ya Ndani na Uhamiaji. Ungetegemea hapo hakuna kutupiana mpira. Lakini nendeni mkasome majibu ya maandishi ya bunge lao, mtakutana na aya moja mpaka mtaizoea: Kamishna wa polisi ndiye mwenye jukumu kisheria la kuliendesha jeshi, waziri hana nafasi kwenye maamuzi hayo. Ukiuliza magereza, huduma ya magereza lazima ipokee kila anayeletwa na mahakama, na mahakama ziko huru. Ukiuliza kesi ya mtu mmoja ya hifadhi, kuna ofisi huru inayoamua. Kwa hiyo waziri mmoja, idara tatu, na "si langu" tatu.

Na hapa lazima niseme kitu, maana kuna vijana wanatoka kwenye mada kama hii wanadhani kila "si langu" ni ujanja. Hapana. Mnataka kweli waziri, mwanasiasa wa chama, awe anamwambia mkuu wa polisi kamata huyu mwachie yule? Uhuru wa polisi kwenye upelelezi ni ukuta mzuri na umejengwa kwa makusudi, na uhuru wa mahakama ndiyo usiseme. Mbunge anayesimama kuuliza "kwa nini kijana wangu wa jimboni amenyimwa dhamana" anapoteza muda wa bunge na anaweza hata kumharibia huyo kijana, spika atamkatiza kwamba jambo liko mahakamani na atakuwa sahihi. Ila huo ukuta una mwisho wake. Ndani ya ukuta kuna uamuzi juu ya mtu fulani. Nje ya ukuta kuna vitanda, magari, idadi ya askari, mafunzo, kompyuta, na nani anamwambia nani na ndani ya muda gani. Hivyo vyote ni vya waziri, hela yake imepitishwa na bunge hilo hilo.

Mfano vitanda. Ireland mwaka 2024 wafungwa walipita 5,000, vitanda havifiki hapo, watu wanalala kwenye magodoro sakafuni ndani ya vyumba vilivyojengwa kwa watu wachache zaidi, na kuna jengo kama Mountjoy linalotumika tangu 1850. Waziri anasema mahakama ndizo zinaleta watu, kweli. Lakini mwaka 2005 serikali ilinunua shamba linaitwa Thornton Hall, nje ya Dublin, karibu euro milioni 30, ili lijengwe gereza kubwa, na miaka ishirini ikapita halijajengwa. Hapo jaji gani amehusika? Unaona, ukiuliza kuhusu msongamano kwa ujumla unapewa hotuba, ukiuliza kuhusu kile kiwanja waziri anatafuta maji ya kunywa.

Sasa huo mstari kati ya sera na utendaji, bingwa wake alikuwa Michael Howard. Kidogo tu hapa, maana ni stori maarufu. Januari 1995 wafungwa watatu walitoroka gereza la Parkhurst kwenye kisiwa cha Wight, na miezi michache nyuma walishatoroka sita Whitemoor. Oktoba ikatoka ripoti kali, na Howard, waziri wa mambo ya ndani, akamfukuza mkurugenzi mkuu wa magereza Derek Lewis siku hiyo hiyo. Hoja yake: mimi sera, yeye utendaji, kilichoharibika ni utendaji. Lewis akasema mbona huyu waziri alikuwa ananiingilia mpaka nani asimamishwe kazi, maana kuhusu mkuu wa gereza la Parkhurst, Lewis alitaka ahamishwe tu, Howard akataka asimamishwe. Kwa hiyo swali likawa moja, ulimtishia Lewis kwamba utamlazimisha? Mei 1997 mtangazaji wa BBC Jeremy Paxman alimuuliza hilo hilo kama mara kumi na mbili mfululizo hewani, na jibu halikutoka. Watu wanaikumbuka kama burudani ya televisheni, mimi naikumbuka kwa sababu inaonesha huo mstari ulivyo wa mpira, waziri akiutaka anauvuta, akibanwa anauachia. Na siku chache baadaye aliyesimama bungeni kumpinga juu ya sakata hilo alikuwa Ann Widdecombe, wa chama chake mwenyewe, tena aliyekuwa naibu wake wa magereza. Mtu wa ndani anajua nani alishika nini.

Kuna na Amber Rudd, waziri wa mambo ya ndani wa Uingereza, Aprili 2018, wakati wa kashfa ya Windrush, wazee waliotoka Karibi wakiwa watoto na wakaambiwa uzeeni hawana haki ya kuwepo Uingereza. Aliulizwa na kamati kama kuna malengo ya idadi ya watu wa kuondoa nchini, akasema hatuna. Ndani ya siku chache ikavuja hati ya wizara yake inayotaja lengo la watu 12,800 kuondolewa kwa nguvu katika mwaka wa fedha, na yeye alikuwa kwenye orodha ya waliotumiwa. Tarehe 29 Aprili akajiuzulu, akisema aliipotosha kamati hiyo bila kukusudia. Kanuni za kule ziko wazi, waziri aliyedanganya bunge kwa kujua anategemewa aondoke, aliyekosea anatakiwa arekebishe haraka iwezekanavyo.

Lakini ukiniuliza swali la bungeni ninalolipenda kuliko yote ni la Ireland, 2017. Kulikuwa na askari sajenti, Maurice McCabe, aliyefichua maovu ndani ya polisi, na ikaja kujulikana kwamba mwaka 2015 mbele ya tume ya uchunguzi wanasheria wa upande wa kamishna walikuwa na mkakati wa kushambulia nia yake. Mbunge Alan Kelly akaanza kuiuliza Wizara ya Sheria: nyie hilo mlilijua lini? Swali la maandishi, linajibiwa nusu. Anaandika lingine, linajibiwa nusu nyingine. Alikuwa anaandika moja baada ya jingine, kama fundi anayekaza nati moja moja. Mwisho wizara ikapekua na ikapatikana barua pepe ya Mei 2015 iliyomfikia aliyekuwa waziri wa sheria wakati huo, Frances Fitzgerald, ambaye sasa alikuwa naibu waziri mkuu. Waziri mkuu Leo Varadkar ikabidi arekebishe alichokuwa ameliambia bunge. Serikali ikabaki kidogo ianguke, na tarehe 28 Novemba Fitzgerald akajiuzulu kukwepesha uchaguzi wa ghafla.

Na haki itendeke, mwaka uliofuata tume ya Jaji Charleton ilimsafisha huyo mama, ikaona hakufanya vibaya. Kwa hiyo msije mkasema Kelly alimkamata mwizi. Alichokifanya ni kuilazimisha wizara ifungue droo yake yenyewe, wizara ambayo ilikuwa haijui au haitaki kujua ilichohifadhi. Mimi hilo kwangu linatosha, hata kama waziri aliyeondoka hakustahili kuondoka, na najua kuna watu hapa hawakubaliani na mimi, tutabishana kwenye chai.

Sasa kwa wale mnaowaandikia wabunge maswali, na waandishi mnaoyafuatilia, nawaomba mfanye hivi. Acheni kuuliza "serikali ina mkakati gani wa kukabiliana na", hilo ni kumpa waziri maiki aimbe. Ulizeni makabidhiano. Andikeni kitu kama: kwa kila mfungwa aliyeachiwa kimakosa kuanzia Aprili mpaka Oktoba, zilipita saa ngapi kabla polisi hawajaambiwa, na ni ofisi gani iliwaambia? Au: mgeni aliyemaliza kifungo na anasubiri kurudishwa kwao, anakaa gerezani siku ngapi zaidi ya kifungo chake, na siku hizo analipia nani? Hili la pili ni zito kweli kweli maana makabidhiano yakichelewa upande ule mwingine, mtu anakaa ndani bila hukumu, hana wa kumpigia kelele, na mbunge hapati kura kwa kumuulizia. Mtu akiachiwa mapema linakuwa habari ya ukurasa wa kwanza, akisahaulika ndani hata swali la nyongeza hapati.

Wakijibu kwamba takwimu hizo hazikusanywi kwa mtindo huo, msikate tamaa, hilo nalo ni jibu, tena limeandikwa na lina tarehe. Ukirudi baada ya miezi sita na swali lile lile neno kwa neno, hawawezi tena kusema hawakujua kwamba hawajui. Msibadilishe maneno ili lionekane jipya. Kelly hakuchoka, Bacon hakuchoka.

Basi mimi nimeishia hapo, maiki iko kwa dada pale mbele, na tafadhali mtu aulize swali moja moja.